Mpwa wangu mwanasayansi aliingia Bungeni hapa Stockholm, nikajua samaki wangu wamepona. Kumbe kuna neno linaitwa jäv

Wakuu, salamu kwa kila mmoja kwa cheo chake. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu msiniitikie kwa uvivu.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa kinyozi. Nimebadilisha majina kidogo tu kwa sababu wahusika bado tunasali nao kanisa moja Sundbyberg na sitaki kuhama kanisa kwa ajili ya uzi.

Ni mrefu. Anayetaka kifupi aende kwenye jukwaa la picha.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Kigoma, darasa la saba, tena hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa huruma ya mwalimu mkuu.

Nimefika Stockholm kijana. Nimeosha vyombo, nimesugua ngazi za maghorofa, nimebeba piano ya watu mpaka ghorofa ya tano lifti ikiwa mbovu. Leo nina duka langu Tumba karibu na stesheni, nina gari la mzigo, na nina banda la kukausha samaki kwa moshi, nje kidogo ya mji. Banda nimekodi kwa mzee wa Kiswidi ambaye wiki ya kwanza aliita zimamoto akidhani nimemchomea mali.

Sijaajiriwa na mtu. Nasema hivyo kwa sababu humu kuna wenye digrii mbili wanaopanga foleni ofisi ya ajira asubuhi, na mimi darasa la saba nawapita nikiwa kwenye gari langu. Tuendelee.

Samaki ninaokausha ni makrill, samaki wao wa baharini mwenye mafuta. Ukimkausha vizuri, kwa mbali anakukumbusha mgebuka wa Tanganyika.

Waswidi nao wana samaki wa moshi, ila wao wanampaka samaki moshi kama mtu anavyopaka manukato. Anabaki laini, anang'aa, unamla na mkate. Sisi tunamkausha mpaka ukimgonga mezani analia ko! Ndiyo maana Wakongo na Warundi wote wa upande wa kusini wananiita Papa Moshi. Wanatoka Farsta, wanatoka mpaka Uppsala, wanakuja kwangu.

Sasa nimlete mhusika mkuu.

Kuna mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Congo. Alikuja huku na binti yake mdogo baada ya vita. Binti jina lake Espérance. Mama yule hakuwa na kaka hata mmoja aliyebaki.

Espérance akakua, akasoma, akasoma tena, akapitiliza. Akawa daktari wa kemia. Siyo daktari wa kutibu, ingawa kanisani kina mama walimwonyesha magoti yao mpaka akachoka kueleza.

Alipochumbiwa na Mrundi mmoja anaitwa Prosper, ukoo wa mwanamume ukaja na swali: mjomba wa binti yuko wapi? Mahari haizungumzwi bila mjomba. Mama Espérance akanijia dukani, akasimama karibu na magunia ya unga, akasema, "Papa Moshi, wewe ni mutu ya ziwa. Njoo ukae pale kama kaka yangu."

Nikakaa. Na nilikaa vizuri, wakuu. Nilipiga mikwara mpaka wazee wa Kirundi wakaomba maji.

Na kwa desturi yao ya Kongo, mjomba analetewa suti. Prosper akaniletea suti ya kijivu, ya vipande vitatu, nzuri kabisa. Toka siku ile binti ananiita muyomba, ndivyo wanavyotamka kwao, na mimi namwita mpwa wangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza cheti.

Shikeni hapo kwenye suti. Tutairudia.

Basi, siku moja kanisani inatangazwa kwamba dada yetu Espérance ameitwa Bungeni.

Kanisa zima vigelegele. Mzee mmoja akalia kabisa. Mimi nikasimama nikapunga mkono kama mjomba, na watu wakaja kunipa pongezi, nikazipokea zote.

Jioni yake Espérance akanieleza mwenyewe, na hapa ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulikoanzia.

"Muyomba, siko mbunge."

"Najua. Wewe ni mkubwa wa wabunge."

"Hapana. Wanatukamata sisi watu ya sayansi, kila mumoja wanamuweka na mbunge mumoja kwa muda. Akiwa na swali juu ya maji, ao hewa, ao chakula, namuelezea."

"Unamwambia afanye nini."

"Simwambii afanye nini. Namwambia kile kinajulikana na kile hakijulikane."

Nikamtazama. Nikamtazama tena. Mtu amesoma mpaka macho yamedhoofu, anapelekwa Bungeni kwenda kusema kisichojulikana? Kwetu mshauri wa mkubwa ndiye mwenye nchi. Mkubwa anasaini tu. Nikasema moyoni, huyu ananificha, ndivyo walivyo watu wa siri za serikali.

Mbunge aliyewekwa naye ni mama mmoja, tumwite Solveig. Mimi namwita Mheshimiwa hata kama yeye hataki.

Miezi ya kwanza mambo yalikuwa ya maziwa na mito, sijui mwani. Halafu likaja la samaki.

Mbunge mwingine, siyo Solveig, aliandika pendekezo. Kwao mbunge mmoja anaweza kuandika pendekezo lake, linaitwa motion, likaenda kamati ikalijadili. Hilo, lililopelekwa kwenye kamati anayokaa Solveig, lilisema samaki waliokaushwa kwa moshi mpaka wakawa wagumu wasiuzwe, kwa sababu kwenye masizi kuna vitu vibaya, na maabara ilipowapima hao wagumu ilikuta vitu hivyo viko juu sana kuliko kwa samaki wao wale laini.

Wakuu, wagumu kwenye mji huu ni wangu. Pendekezo lile lilikuwa limeandikwa kwa anuani ya banda langu, limebaki tu kutaja jina.

Likipita, banda limekufa. Likifa banda, duka peke yake halisimami, maana watu hawatoki Uppsala kufuata unga. Wanafuata samaki, unga wanauchukua njiani.

Watu walipoanza kunipigia kwa hofu nikawacheka. Nilisema kanisani, nikasema kwa kinyozi Farsta, nikasema dukani kwa kila aliyeingia: "Nyie laleni. Pale Bungeni swali la samaki liko kwenye meza ya nani? Ya Solveig. Na Solveig anamuuliza nani? Mpwa wangu. Mmenielewa?"

Walinielewa. Hata mimi nilijielewa.

Ila kulikuwa na jambo linanikera na nilikuwa simwambii mtu.

Toka swali la samaki lilipofika kwa Solveig, Espérance aliacha kuchukua samaki wangu.

Huyu ni binti niliyempa makrill kila mwezi toka anasoma. Nikimpelekea anasema asante muyomba, kaa nao. Nikimwachia mama yake, mama anarudisha. Mke wangu akaniambia chumbani, "Baba, huyu mtoto anajua kilichomo. Ana vipimo. Tusiwe tunaua watu."



Nikaenda kwa Espérance. Nikamkuta jikoni. Sikuzunguka, nikamuuliza, "Samaki wangu wana sumu?"

Akasema, "Muyomba, siwezi kuongea hiyo na wewe kwa sasa."

"Kwa nini?"

"Nitakuelezea nyuma." Nyuma kwao ni baadaye.

Halafu, kwa mshangao wangu, yeye ndiye akaanza kuniuliza maswali. Nyumbani tunamloweka samaki kwanza? Kwa muda gani? Yale maji tunayapikia au tunayamwaga? Akivimba anakuwa mzito mara ngapi ya alivyokuwa mkavu?

Niliona kama ananitukana. "Wewe mtoto wa Uvira, unaniuliza mimi kama samaki mkavu analowekwa? Mama yako alikulisha mawe?"

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Najua mimi. Lakini kile najua kutoka jikoni ya mama haiko sayansi. Siwezi kukileta pale kama ushuhuda. Inabidi aseme mutu anafanya ile kazi."

Nikasema basi amepatikana, mtu huyo ni mimi. Kamati ilikuwa inaita wakaushaji samaki waje wasikilizwe, na sisi wenye maduka ya vyakula vya Kiafrika tulishaombwa kutuma mmoja. Atatumwa nani zaidi ya mwenye moshi?

Espérance akaweka kisu chini.

"Muyomba, minakuomba. Ile siku tuma mutu mwengine."

"Nani?"

"Yeyote. Tuma Deo."

Deo ni rafiki yangu, Mrundi, dereva wa basi. Anajua Kiswidi kizuri, ila moshi anaoujua ni wa basi.

 Niliondoka pale nimevimba. Njiani kwenye treni nikawa najiambia, anaona haya. Anaona haya ya Kiswidi changu na darasa langu la saba, mbele ya wakubwa wenzake. Mimi niliyemkalia mkekani!

Nikaapa kwamba nitakwenda. Na nitakwenda nimevaa suti ya mjomba, ili akiniona akumbuke.

Siku ikafika.

Suti ya kijivu, viatu vinang'aa mpaka naona uso wangu. Kwapani nimefunga makrill kwenye karatasi, zawadi ya Mheshimiwa, maana huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Nikavuka daraja kuingia kwenye kile kisiwa chao nikitembea kama mwenye nyumba.

Mlangoni walinzi walipitisha kifurushi kwenye mashine, wakakinusa, wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna kitu kimeungua. Nikamwambia kazi nzuri inanuka hivyo.

Ndani akaja Mheshimiwa Solveig mwenyewe, na sweta ya kawaida kabisa, amebeba kahawa yake kwa mkono wake. Nikampa kifurushi kwa mikono miwili. Akasema hawezi kupokea zawadi. Nikaganda. Akafikiri, akasema tukiweka mezani kila mtu aonje basi si zawadi, ni fika, yaani kahawa yao ya pamoja na vitafunwa. Haya, makrill wangu akawekwa kwenye sahani katikati ya meza pembeni ya vitumbua vyao vya mdalasini.

Halafu nikafanya lile nililokuja kulifanya. Nikanyoosha koti, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka korido, "Jag är Espérances morbror." Mimi ni mjomba wake Espérance.

Mheshimiwa akafurahi. Lakini nyuma yake kulikuwa na katibu wa kamati, kijana mrefu mwembamba, akaacha kunywa kahawa.

Dakika hiyohiyo Espérance akaingia. Akaniona. Uso wake ulishuka, lakini heshima haikumshinda: akaja, akakunja goti kidogo, akanipa mikono miwili, "Muyomba."

Katibu akatuomba mimi, Espérance na Mheshimiwa tuingie kachumba ka pembeni.

Naomba mnielewe hapa. Kiswidi changu ni cha kazi. Nakiongea haraka, nakielewa nusu, nusu nyingine nakadiria. Na mpaka leo nilikuwa nimekadiria vizuri.

Yule kijana akasema kwa upole, akinitazama usoni, "Då är det jäv."

Wakuu. Mnaoishi huku mnajua tusi la Waswidi la kila siku ni lipi. Jävla. Ukiwabana mlango utalisikia, basi likichelewa utalisikia. Mimi nikasikia yev, nikajua anaendelea, nikasimama.

"Unanitukana? Ndani ya Bunge? Mimi mtu mzima?"

Mheshimiwa kashika kifua. Katibu kawa mwekundu mpaka masikio. Espérance akanivuta koti, akaniambia kwa Kiswahili haraka haraka, "Muyomba kaa, hakutukani, ni neno! Ni neno ya sheria!"

Nikakaa nusu kiti.

Akanieleza. Jäv ni hivi: ukiwa kazini, na jambo lililo mbele yako lina faida au hasara kwa ndugu yako, hutakiwi kuligusa. Unatoka chumbani. Hata kama ungesema kweli tupu, unatoka.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nilicheka, wakuu, nisiwafiche. Kwa sababu kwetu ndugu yako akiwa ndani, ndiyo mlango wako. Hawa kwao ndugu yako akiwa ndani, ndiyo mlango umefungwa! Kumbe ningekuwa na adui mle ndani ningekuwa na nafasi zaidi? Sasa mtu anasomesha ndugu ili iweje?

Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini alisema tuma Deo.

Katibu, na simlaumu, alikuwa anatafuta njia. Akatazama karatasi zake, akasema mbona kwenye taarifa za Espérance mama yake hana kaka? Akaniuliza taratibu, kama mtu anayemvusha mzee barabara: neno morbror kwa Kiswidi ni kaka wa mama, tumbo moja. Je, ndivyo ilivyo? Au ni namna tu ya kuitana?

Nikaona mlango.

Nikisema ni namna tu ya kuitana, Espérance anabaki. Anaingia mle, anaeleza habari ya maji na uzito ambayo ameikusanya, na yeye peke yake ndiye aliyeikusanya. Banda linapona. Nikisema ni mjomba, anatoka.

Mfanyabiashara hapotezi dakika. Nikasema, "Sisi si damu. Mama yake wa Uvira, mimi wa Kigoma, kuna ziwa zima katikati. Mimi si mjomba wake. Ni mteja tu, namaanisha, yeye ndiye mteja wangu."

Katibu akashusha pumzi. Mheshimiwa akatabasamu. Nilijiona mwanasheria.

Katibu akamgeukia Espérance, ili tu kufunga mazungumzo. "Stämmer det?" Ndivyo?



Espérance alinitazama mimi. Kisha akatazama suti. Akaitazama kola, akavitazama vifungo, mpaka nikaanza kuhisi joto.

Akasema kwa Kiswidi, pole pole, na hiki nilikielewa chote bila kukadiria:

"Kwa damu, hapana. Lakini nilipoolewa yeye ndiye aliyekaa mahali pa kaka wa mama yangu. Suti hiyo aliyovaa, mume wangu ndiye aliyempa kama mjomba. Nilidhani nitaweza kulitenganisha hili na kazi, sikupaswa kudhani. Mimi siwezi kuingia."

Akavua kitambulisho cha shingoni akakishika mkononi. Alipofika mlangoni akageuka, akarudi kwenye Kiswahili.

"Muyomba. Umenikana kwa ajili ya makrill?"

Akatoka.

 

Tukaingia kwenye kikao. Walikuwapo wakaushaji wawili wa Kiswidi kutoka pwani, wazee wenye mikono kama mizizi, na wabunge kadhaa. Kiti cha Espérance kilikuwa pembeni ya Solveig, kitupu.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilivyokuja na begi moja, nilivyobeba piano, gari langu. Nilipofungua mdomo macho yakaenda kwenye kile kiti, na yote yakafutika. Likabaki swali la jikoni tu: mnaloweka?

Nikachukua makrill mmoja kwenye sahani, nikamgonga mezani. Ko! Nikasema, "Huyu mmempima hivi. Nani anakula hivi? Hata meno ya mamba hayataki."

Nikavuta jagi la maji ya kunywa lililokuwa katikati ya meza, nikamtumbukiza samaki kichwa chini.

 Kuna mama alikuwa amenyoosha glasi, akairudisha.

Tukakaa tunatazama. Maji yakaanza kubadilika, kahawia, kahawia zaidi. Nikawaeleza kwa Kiswidi changu kwamba analala humo, anavimba, anakuwa mzito, maji tunamwaga, tunampika na maji mapya, na samaki mmoja analiwa na familia.

Mbunge mwenye pendekezo akasema, "Tazameni uchafu huo."

Mzee mmoja wa pwani akasema, "Tazameni unavyotoka."

Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa adabu ile yao, kila mtu anasubiri mwenzake amalize. Mimi nikabaki nimeshika mkia wa samaki. Je, nilikuwa nimesaidia au nimejimaliza? Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Mwisho walinishukuru wote kwa zamu, mpaka yule mwenye pendekezo.

Nilipotoka Espérance hayupo.

Habari zikafika Sundbyberg kabla yangu. Nafikiri ni mama yake Espérance aliyezipeleka.

Jumapili nafika mlangoni mwa kanisa, kijana mmoja wa Bukavu ananisalimia, "Papa Moshi, jogoo ameshawika?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Walokole mmeelewa; wengine, ni yule mwanafunzi aliyemkana Yesu mara tatu kabla jogoo hajawika. Toka siku hiyo nikiingia mahali mtu anawika. Hata kwa kinyozi Farsta, hata Mkenya ambaye hasali!

Nilikunja ile suti nikampelekea Mama Espérance. Nikamwambia sina haki nayo tena.

Akanitazama kama nimemletea mzoga. "Sasa mimi nilitafuta kaka miaka yote hii, nikamupata, leo unataka nirudi dukani kubadilisha? Ondoka na nguo yako, iko inanuka moshi."

Nikaondoka nayo.

Espérance mwenyewe alikuwa ananisalimia kanisani, goti anakunja, lakini nikigusa habari ya Bunge anainua mkono: "Ile bado, muyomba." Na samaki bado hachukui. Miezi ikapita hivyo. Kila siku nawasha moto bandani nikijiuliza kama ndiyo wa mwisho.

Kisha siku moja Deo akaingia dukani na sare yake ya basi, kofia mkononi. Alikuwa amesoma kwenye mtandao wa Bunge.

"Papa Moshi, kaa chini."

"Sema nimesimama."

"Ni avslag."

Wakuu, kama hujaishi huku na wakimbizi hulijui hilo neno. Avslag ndiyo barua ya kukataliwa kibali. Kuna watu kanisani kwetu ukilitamka wanashika ukuta. Maana yake funga begi, hamna rufaa ya maana. Sisi hatujui avslag nyingine.

Mteja mmoja, mama wa Bujumbura, akaanza kusema "Yesu, Yesu," akanishika bega. Deo ananiambia pole. Mke wangu akafunga kasha la pesa, akaenda nyuma kulia.

Niliendesha mpaka bandani, nikamwagia moto maji. Nilisimama pale mvuke unanipiga usoni. Mzee wa Kiswidi mwenye banda akatoka na soksi kuuliza mbona leo hakuna moshi. Yule yule aliyeita zimamoto!

Simu ikalia. Espérance.

"Muyomba, umesikia?"

"Nimesikia. Avslag."

"Ndiyo! Avslag!" Anacheka. Binti wa watu anacheka.

Nikamwambia, "Espérance, kama ni kisasi, kimenipata. Nimeshazima moto."

 Akaanza kucheka upya mpaka akakosa pumzi. "Muyomba, wamekataa nini?"

"Wamenikataa mimi."

"Wamekataa ile pendekezo! Ile ya kukukataza ndiyo imepata avslag. Wanasema kwanza wapime tena, samaki mukavu na samaki wa kulowekwa. Washa moto yako!"

Nilikaa juu ya ndoo. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kwa hiyo tumeshinda? Akasema hapana, hawajasema samaki ni mzuri, wala hawajasema ni mbaya. Wamesema hawajui bado. Nikamuuliza sasa hiyo ni nini. Akasema, "Hiyo ndiyo kazi yangu, muyomba."

Sikuelewa. Sijaelewa mpaka leo, ila banda linafuka.

Halafu akasema, "Sasa muda wangu pale umeisha na ile jambo imeisha. Leo jioni niletee makrill. Miezi hii yote Prosper ananiuliza samaki za muyomba ziko wapi, nami nilikuwa siwezi kula mali ya mutu ambaye jambo yake iko mbele yangu."

Kumbe! Mke wangu alikuwa hali samaki wetu kwa siri muda wote ule akidhani tuna sumu. Kumbe mtoto alikuwa anajinyima kwa sababu ya jäv.

"Nije na ngapi?"

"Leta za kutosha. Na muyomba, uvae suti. Mama naye iko anakuja, anataka kukuona ndani yake."

Nilikwenda. Nilipofungua mlango mama yake aliwika kwanza, ndipo akanikaribisha.

Basi, funzo nililolipata ni hili, na kila mtu alichukue anavyoweza: ukiwa ugenini usikadirie neno, uliza. Jäv nilidhani ni tusi, kumbe ni sheria. Avslag nilidhani ni kifo, kumbe ni uzima. Na morbror nililitamka mwenyewe kwa majivuno, likanirudi.

Ila kuna kitu kimoja hakijakaa sawa kichwani na ndiyo sababu ya kuleta uzi huu. Mimi nilimkana ili abaki ndani, na nilifanya hivyo kwa ajili ya familia. Yeye akanikubali mbele ya wakubwa, na kwa kunikubali akatoka nje na kuniacha peke yangu na jagi la maji. Sasa siku ile, kati yetu wawili, nani alimtendea mwenzake undugu?

Wenye shule zenu njooni mnifafanulie, na wa darasa la saba wenzangu msiogope kuandika. Matusi nayapokea pia, nimeshazoea kuyasikia hata pasipo na tusi.

Ila jogoo msimtaje. Huyo nimemsikia vya kutosha.